Tumheshimu Mtia Grisi

Ukifungua kitabu chochote kuhusu utamaduni wa taifa, aghalabu utakuta habari za ngoma, nyimbo, vinyago, mavazi, jando na unyago. Hayo yote ni mema na yanastahili kuandikwa. Lakini ni nadra mno kukuta humo habari za bomba la grisi. Katika makala haya tunakusudia kulileta bomba hilo mezani, tuliweke kando ya marimba na zeze, na kudai kwamba nalo ni chombo cha utamaduni. Tena tunadai kwamba taifa lisilojua heshima ya chombo hicho litajenga viwanda na kuvizika, litajenga tena na kuzika tena, na kila mara litamsingizia Mungu, uzee au mgeni.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliutaja utamaduni kuwa kiini na roho ya taifa. Kama hivyo ndivyo, basi roho hiyo haikai katika uwanja wa ngoma peke yake. Hukaa pia katika namna watu wanavyoishika kazi na wanavyokitunza chombo walichokabidhiwa. Zaidi ya hayo, huonekana katika jambo moja ambalo ndilo msingi wa hoja yetu: ni nani wanayempa heshima, na ni nani wanayempita bila hata kumwamkia.

Tuanze na kisa. Ni kisa cha kiwanda kisicho na jina, kwa sababu ni kisa cha viwanda vingi.

Mota ya umeme inazungusha pampu, na pampu inapeleka maji katika boila. Asubuhi moja mwendeshaji wa mtambo anasikia mlio mwembamba ambao jana haukuwapo. Anaweka kiganja juu ya kifuniko cha beringi. Pana joto kuliko kawaida. Anamwarifu msimamizi wa zamu. Msimamizi anamjibu kwamba lengo la mwezi halijatimia na mashine haiwezi kusimamishwa kwa ajili ya kelele. Siku zinapita, mlio unakuwa mngurumo. Usiku wa siku ya tisa beringi inakwama, shafti inakatika, mota inaungua, na kiwanda kizima kinanyamaza. Fundi mkuu anaamshwa kitandani. Anafanya kazi saa thelathini bila kulala, anachonga shafti nyingine karakanani, anaazima mota mahali pengine, na kiwanda kinafufuka. Meneja anamshika mkono mbele ya wafanyakazi wote. Sikukuu ya wafanyakazi inapofika, fundi huyo anatunukiwa cheti na bahasha.

Je, yule mwendeshaji aliyeusikia mlio? Hakuna amkumbukaye. Na yule mzee mtia grisi, ambaye bomba lake liliharibika miezi mitatu nyuma na ombi lake la bomba jipya lingali limelala katika meza ya mhasibu? Huyo anaitwa ofisini ajieleze kwa nini beringi ilikauka.

Hatumdharau fundi aliyekesha. Jasho lake ni halali na ujuzi wake ni hazina. Tunachokipinga ni desturi ya kumvika taji mtu anayezima moto na kumsahau anayeuzuia usiwake. Desturi hiyo ni mafunzo. Inawafundisha vijana wote waliomo kiwandani kwamba sifa hupatikana usiku wa maafa, si asubuhi ya kawaida. Na kwa kuwa binadamu hufuata sifa, si ajabu maafa yakawa mengi na asubuhi za kawaida zikawa chache.

Wahenga wetu walilijua jambo hili walipotuusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwanafunzi ameiandika methali hiyo katika insha. Tunajiuliza ni wangapi wameisoma katika mlango wa karakana ya shule yao.

Sasa tuzitazame nyudhuru zinazotolewa kila mashine inapokufa, kwani nyudhuru hizo zimekaa midomoni mwetu muda mrefu hata zimeanza kuonekana kama hekima.

Udhuru wa kwanza husema, “Mashine imezeeka.” Unasemwa kana kwamba chuma nacho kina siku zake zilizoandikwa, na zikifika hakuna wa kuzizuia. Utafiti umeupinga udhuru huu vikali. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United Airlines la Marekani, Nowlan na Heap, walitoa taarifa kubwa juu ya namna sehemu za ndege zinavyoharibika. Waligundua kwamba ni takriban asilimia 11 tu ya aina za sehemu walizozichunguza ndizo zilizoonyesha uhusiano wa wazi kati ya umri na kuharibika. Sehemu kubwa ya zilizobaki zilikuwa na hatari zaidi zilipokuwa mpya au zilipotoka tu kufunguliwa na kufungwa upya; baada ya hapo hatari hiyo ilishuka na kubaki pale pale. Kiwanda cha nguo si ndege, na hatudai kwamba hesabu hiyo ihamishwe ilivyo hadi Ubungo au Mwanza. Lakini funzo lake halina mipaka: mashine nyingi haziuawi na uzee. Huuawa na vumbi, maji, nati iliyolegea, shafti isiyonyooka, mafuta yasiyofaa na mikono isiyofundishwa.

Tuichukue beringi yenyewe. Kwa beringi ya gololi, hesabu ya wahandisi husema kwamba mzigo ukiongezwa mara mbili, umri wake hupungua hata kubaki sehemu moja ya nane. Basi shafti iliyofungwa upande, au mkanda uliokazwa kupita kiasi, huongeza mzigo ambao macho hayauoni, na ule mwaka uliotarajiwa huwa mwezi mmoja na nusu. Hali kadhalika mota: kwa kanuni ya makadirio waliyonayo mafundi, kila joto la nyaya zake linapozidi kiwango kwa nyuzi 10 za sentigredi, umri wa vihami vyake hukatika nusu. Vumbi la pamba lililoziba matundu ya hewa ya mota laweza kuleta joto hilo. Dawa yake ni ufagio na brashi. Je, twaweza kusema kwa haki kwamba mota hiyo ilikufa kwa uzee?

Wala tusidhani kwamba kazi ya kutia grisi ni ya mtu asiyehitaji elimu. Grisi ikipungua, vyuma husagana. Ikizidi, beringi huisukasuka na kuchemka. Grisi za aina mbili zisizopatana zikichanganywa, zaweza kuyeyuka na kumwagika. Chembe ya mchanga iliyoshikwa na ncha ya bomba huingia ndani na kuchimba njia ya gololi kama shoka. Mtia grisi mwema, kwa hiyo, anajua aina, kiasi, wakati na usafi. Anajua zaidi ya hayo: yeye ndiye anayezipitia mashine zote kila siku, akizisikia, akizigusa na kuzinusa. Ni tabibu wa zamu. Na bado sisi tumemweka daraja ya chini kabisa, chini ya karani anayeandika majina ya wageni langoni.

Udhuru wa pili ni wa fedha za kigeni. Huu tuushike kwa uangalifu, maana una ukweli ndani yake, na mwandishi anayekataa ukweli wa mpinzani wake hajengi hoja bali anapiga kelele. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi yetu ilijenga viwanda kwa kasi. Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta ya petroli ikapanda mwaka huo huo wa 1979, na mazao tuliyoyauza nje yakawa hayatoshi kununua tuliyoyahitaji. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Vipuri havikuwapo. Mfanyakazi wa miaka hiyo aliyefunga mkanda uliokatika kwa kipande cha ngozi, na aliyechonga gurudumu la meno kwa chuma chakavu, alikuwa shujaa, na atakayemlaumu kwa kuanguka kwa kiwanda hana haya.

Lakini hapo hapo tuulize swali ambalo udhuru huu haulijibu. Ufagio ulihitaji dola ngapi? Daftari la kuandikia joto la beringi kila zamu lilihitaji kibali cha Benki Kuu? Kukaza nati, kufunika mota isinyeshewe, kupanga vipuri ghalani kwa namba ili fundi asikitafute kimoja siku nzima, vilihitaji mkopo gani? Tena kadiri vipuri vilivyokuwa adimu, ndivyo matunzo yalivyopaswa kuzidi, kwa maana mwenye shati moja hulifua kwa uangalifu kuliko mwenye mashati kumi. Uhaba ulikuwa sababu ya kutunza zaidi. Sisi tuliufanya ruhusa ya kutotunza. Na dalili kwamba fedha haikuwa sababu pekee ni hii: milango ya biashara ilipofunguliwa na vipuri vikaonekana tena madukani, ufa uliendelea kuachwa bila kuzibwa katika sehemu nyingi, za umma na za watu binafsi.

Udhuru wa tatu ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa ni matusi yaliyovaa kanzu ya uchambuzi. Husemwa kwamba Mwafrika hana asili ya kutunza vyombo. Kwamba matunzo ni utamaduni wa wengine, nasi hatuna budi kuazima. Maneno haya yaliletwa na wakoloni, na inasikitisha kwamba leo hutamkwa na wasomi wetu wenyewe wakiwa wamekaa mbele ya kikombe cha chai. La hasha! Hii ni kasumba.

Na waende pwani wakaulize. Jahazi lililosafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi halikungoja lipasuke ndipo litazamwe. Kwa majira yake lilikweshwa pwani maji yakipwa, likakwanguliwa, nyufa zake zikakalafatiwa kwa pamba iliyoloweshwa mafuta, upande wa chini ukapakwa deheni ya chokaa na mafuta ya wanyama ili wadudu watoboao mbao wasiingie, na mbao za juu zikapakwa sifa ya papa. Kazi hiyo haikuwa adhabu ya mabaharia wanyonge. Nahodha alisimama papo hapo, akatazama kila mshono, kwa kuwa alijua kwamba katikati ya bahari hakuna karakana. Huo ndio mpango kamili wa matunzo ya kinga: una majira, una vifaa, una utaratibu, na una mkubwa anayehusika mwenyewe. Na barani, mwenye nyumba ya makuti au nyasi hakuezeka upya mvua ya masika ikiwa imeshamwagika, aliezeka kiangazi.

Basi tatizo letu si asili. Nahodha alikitunza chombo kwa sababu kilikuwa chake, alikijua, na maisha yake yalikuwa ndani yake. Kiwanda tulikipokea kwa namna nyingine. Kilikuja kimefungwa katika masanduku, maelezo yake yakiwa katika lugha ambayo mwendeshaji haisomi. Kilifungwa na wataalamu waliopanda ndege siku ya pili baada ya utepe kukatwa. Mwendeshaji akaambiwa kazi yake ni kubonyeza kitufe. Akigusa spana ataadhibiwa, kwa kuwa spana ni ya fundi. Fundi naye akaambiwa asubiri mpaka aitwe. Kati ya hao wawili mashine ikabaki yatima.

Wajapani waliuona upungufu huu katika viwanda vyao na kuurekebisha. Kampuni ya Nippondenso, itengenezayo vifaa vya magari, ilitunukiwa zawadi mwaka 1971 kwa utaratibu wa matunzo unaomshirikisha kila mfanyakazi. Chini ya utaratibu huo mwendeshaji mwenyewe ndiye asafishaye mashine yake, aitiaye mafuta na kuzikaza nati zake; fundi hubaki na kazi zilizo ngumu zaidi. Msingi wake ni rahisi: kusafisha ni kukagua. Mkono unaopangusa ndio unaogundua ufa, joto na tone la mafuta lisilostahili. Msomaji ataona kwamba hilo si jambo geni. Ni ada ya jahazi iliyoingizwa kiwandani.

Hata hivyo tusiwatwishe wafanyakazi peke yao mzigo huu, kwani mara nyingine mashine huuawa kabla haijawashwa. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, kilikusudiwa kutengeneza viatu milioni kadhaa kwa mwaka na kuviuza Ulaya. Jengo lake lilikuwa na kuta za alumini na halikuwa na njia za hewa zifaazo kwa joto la Morogoro. Mashine ziliharibika, vipuri vikakosekana, malighafi haikupatikana kwa mpango. Hakikufikia hata sehemu moja ya ishirini ya uwezo wake, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Hakuna mtia grisi ambaye angekiokoa kiwanda kile kwa bomba lake. Waliokiua ni waliochora bila kuuliza hali ya hewa, waliokopesha bila kuuliza vipuri vitatoka wapi, na waliotia saini bila kuuliza lolote. Kwa hiyo tunaposema matunzo, tunasema pia habari za kalamu inayochagua mashine. Atakayenunua pampu za aina kumi kutoka nchi kumi ameshaamua kwamba ghala lake halitakuwa kamwe na kipuri kinachohitajika.

Nini basi kifanyike? Hatuna dawa ya ajabu, bali tunayo madai manne.

Kwanza, hesabu ya heshima igeuzwe. Siku ya kutoa tuzo, kiwanda kitaje kwanza mashine iliyokaa muda mrefu bila kuharibika, na kisha majina ya wote walioitunza, kuanzia mfagiaji na mtia grisi. Mfanyakazi aliyesikia mlio akasema, ashukuriwe hata kama mlio ule ulikuwa si kitu. Na msimamizi aliyeupuuza mlio aandikwe yeye katika taarifa ya ajali, si mzee wa bomba.

Pili, maelezo ya mashine yaandikwe kwa Kiswahili. Lugha iliyobeba sheria na siasa za nchi haishindwi na beringi. Mwendeshaji akisoma mwenyewe kiasi cha mafuta na mwisho wa joto, hatakuwa tena mbonyezaji wa vitufe.

Tatu, kila mashine iwe na daftari lake, na daftari lisomwe. Matunzo yasiyo na kumbukumbu hugeuka ibada ya kufungua na kufunga. Katika Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi Waddington na wenzake walichunguza ndege za doria za Uingereza wakaona kwamba ziliharibika zaidi mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50 kuliko kabla yake. Mikono iliyofungua pasipo haja ilileta makosa. Kutunza si kugusagusa. Ni kujua wakati wa kugusa na wakati wa kuacha, na hilo halijulikani bila maandishi.

Nne, na hapa tunawageukia walimu na wanafunzi, somo hili lianze shuleni. Tangu mwaka 1967 tumekuwa tukisema Elimu ya Kujitegemea. Ni shule ngapi zenye cherehani kumi, saba kati yake zikiwa zimefunikwa turubai tangu mwaka juzi? Ni maabara ngapi ambazo darubini zake zina ukungu kwa kukosa kitambaa safi na kabati kavu? Mwalimu akimtuma mkosaji kusafisha karakana kama adhabu, amefundisha kwamba matunzo ni ya watu waliokosa. Ampe kazi hiyo mwanafunzi bora, na daftari mkononi.

Haya si maneno ya kupamba ukurasa. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Katika Bwawa la Julius Nyerere, huko Rufiji, zimefungwa mashine tisa za kufua umeme, kila moja ikiwa na uwezo wa megawati 235. Na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, iliyokabidhiwa kwetu na kwa ndugu zetu wa Zambia mwaka 1976, ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikuzifikia, ikadhoofika, na mwaka 2024 tulitia saini makubaliano mengine huko Beijing ili ifufuliwe. Mitambo hiyo yote imelipiwa au italipiwa na jasho la mkulima wa pamba, kahawa na korosho, pamoja na watoto wake ambao bado hawajazaliwa.

Usiku wa leo, katika kila mtambo wa namna hiyo, yupo mtu anayepita na taa mkononi, akisikiliza. Hatumjui jina. Tunachotaka ni kwamba akisikia mlio mwembamba na kuusema, pawepo mtu wa kumsikiliza.